Asajile Mwakibinga, Aliyesimama na Mwenye Wimbo

Ndugu waombolezaji, huyu tunayemlaza leo katika udongo wa Masukulu alizaliwa hapa hapa tarehe 12 Machi 1945, mtoto wa pili wa marehemu mzee Anyosisye Mwakibinga. Alipokuwa mdogo alikataa kula ndizi mpaka dada zake waliozimenya wapakuliwe kwanza. Baba yake alicheka. Baba yake mkubwa, mzee Ambindwile, alisema mtoto huyo ataleta shida, na kwa mara moja katika maisha yake alisema kweli.

Alisoma Masukulu, kisha Tukuyu, kisha sekondari Malangali. Mwaka 1967 alikwenda Dar es Salaam kusomea sheria, wa kwanza katika ukoo huu. Wanaosema alifukuzwa chuoni wanakaribishwa nyumbani kwake waione shahada ukutani. Wasiojua kusoma watasomewa.

Mwaka 1969, katika likizo ndefu, chuo kilimrudisha Rungwe kwa mazoezi ya kazi: kuwapa wasanii msaada wa kisheria. Walimjia wapiga ngoma, waimbaji na wafinyanzi. Ndugu zake wakambatiza jina la “wakili wa ngoma”, na waliombatiza hawakujua tofauti ya sheria na tangazo la mnada.

Siku hizo gari la redio lilikuwa linakuja Tukuyu kurekodi kikundi cha ngoma cha Masukulu, ambacho kiongozi wake alikuwa mzee Ambindwile. Wimbo uliokipa kikundi sifa ulitungwa na Lusungu, mke wa Ambwene, mwana pekee wa mzee huyo. Mzee akauandikisha kuwa wake. Lusungu alitaka jambo moja tu: jina lake litajwe redioni.

Marehemu akawaita wote wawili katika chumba kimoja, kama alivyofundishwa chuoni. Mnyakyusa mzima akasahau kwamba mke hakutani na baba mkwe wake, hamtazami, wala hatamki jina lake. Lusungu alifika mlangoni, akamwona mzee, akajifunika kanga usoni na kukimbilia migombani.

“Mlalamikaji wako yuko wapi, wakili?” mzee aliuliza. “Ni ule mgomba?”

Wenzake wa kikundi, aliokuja nao, walicheka mpaka wakashikana mabega.

“Mgomba huo una masikio, baba,” marehemu alijibu. “Hebu tuimbie wimbo wako tuusikie.”

Mzee akauimba wote, kwa madaha, huku akipiga meza. Alipomaliza, marehemu alimuuliza kwa nini wimbo unayazunguka maneno mawili ya kawaida, ambayo kila mtu huyasema, na kuweka mengine mahali pake.

“Ndivyo ulivyo,” mzee alisema.

“Hiyo ni ingamwana, baba, lugha ya wake kwa wakwe zao. Mke hukwepa maneno yanayofanana na jina la baba mkwe wake. Haya mawili yanafanana na Ambindwile, na mkaza mwana unaye mmoja tu. Au wewe unajiogopa mwenyewe?”

Hakuna aliyecheka. Mzee alianza kutafuta kofia yake, ambayo ilikuwa kichwani.

Redio ilimtaja Lusungu. Ukoo ukasema marehemu amemvua nguo mzee wake mbele za watu. Waliosema hivyo hawakusema neno mzee alipomvua mkaza mwana wake jina. Heshima ya namna hiyo, inayopanda tu na haishuki, marehemu hakuijua, na watoto wake hawatafundishwa.

Alipata shahada mwaka 1971, akawa mwanasheria wa serikali Mbeya hadi mwisho wake. Tarehe 16 Desemba 1972 alifunga ndoa na Felista, mwalimu wa sekondari. Wazee walioapa kutohudhuria harusi walihudhuria, na walikula kuliko walioalikwa.

Mwaka 1977 aliugua figo. Katika miezi yote ya kulazwa kwake Mbeya, ukoo ulituma salamu. Lusungu alikuja mwenyewe, na uji. Marehemu alifariki alfajiri ya tarehe 3 Agosti 1978, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe.

Juzi Ambwene alitumwa nyumbani kwa mjane.

“Shemeji, wazee wanaomba ufute hapo pa wimbo katika wasifu unaoandika,” alisema, akitazama chini. “Mzee atakaa mbele. Itakuwa aibu.”

“Aibu ya nani, shemeji?”

Ambwene aliinuka kuondoka.

“Mwambie akae mbele,” mjane alisema. “Ndipo atasikia vizuri.”

Marehemu ameacha mjane, Felista; watoto watatu, Ackson, Tumpale na Anyosisye; mdogo wake Amoni, anayewasomea maneno haya; na binamu yake Ambwene. Ameacha pia baba yake mkubwa, mzee Ambindwile, aliyeketi mbele. Kwa kuwa ameketi hapo, Lusungu hawezi kusogea kaburini. Yuko nyuma ya nyumba, na jeneza litakaposhushwa ataimba kutoka huko wimbo aliotunga yeye, Lusungu, mke wa Ambwene. Waombolezaji wote wanaombwa kunyamaza mpaka amalize.

Lala salama, Asajile. Ulichokisimamia kimebaki kimesimama.