Koma za Karani

Karani wa mapokezi alikaa basini nyuma ya vijana wawili wa kompyuta. Walikuwa wakibishania ni maktaba ipi ya programu huria itumike kusomea faili la CSV la wagonjwa wa hospitali yake, orodha inayotenganisha jina, anwani na dawa kwa koma. Maktaba, kumbe, isiyo na kitabu hata kimoja.

"Yangu inamaliza faili zima kufumba na kufumbua," alisema mwenye miwani.

"Na ikikuta koma ndani ya anwani, inaikata vipande, dawa zinapelekwa mtaa mwingine," mwenzake akajibu. "Yangu inajikongoja, lakini haipotezi mtu."

"Basi karani anayeandika anwani hizo aache kutia koma."

Miaka kumi na tisa karani alikuwa akiandika "nyumba ya buluu, mlango wa nyuma", na dawa zilifika. Basi liliposimama, akainuka na mkoba wake.

"Koma zangu hazikomi, wanangu. Tafuteni inayojua kusoma," akasema, akashuka.