Mwalimu Hyasinta wa Kabasa, Aliyesubiri Mtihani Upite

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Leo tunamkumbuka Mwalimu Hyasinta Stanislausi, mwalimu wa Kiingereza wa Kabasa, Bunda. Amefariki akiwa na miaka arobaini na mmoja. Amezikwa kwao Butiama. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: Mwalimu Hyasinta wa Kabasa hatunaye tena.

Alizaliwa Butiama, nyumba ya ng'ombe na mihogo. Sekondari alisomea Musoma, akikaa Nyasho kwa dada yake mkubwa, Helena, muuza dagaa. Huko ndiko alikookota mifano yake ya darasani. Maana present perfect, ile ya have, wasikilizaji, imewatoa wengi jasho, na mimi nimo. Sisi tunasema "nimekuja jana", basi tunaibeba nzima nzima mpaka kwenye Kiingereza: I have come yesterday. Mwalimu akisikia hivyo alikuwa anajishika kiuno.

"Ukishataja jana, umefunga mlango: I came yesterday," aliwaambia wanafunzi. "Have ni ya jambo lililopita ambalo alama yake tunaiona sasa hivi. The cows have gone out, ng'ombe wametoka. Sikuulizi saa ngapi. Nionyeshe zizi tupu! Na dada yangu je? Alianza kuanika dagaa asubuhi, mpaka sasa bado anaanika. She has been drying dagaa since morning. Kanuse mikono yake!"

Darasa lilicheka, na likaelewa. Shuleni kwake yeye ndiye alikuwa mwalimu pekee wa Kiingereza wa kidato cha nne. Mwalimu mmoja, wanafunzi mia na kumi na wanne. Hapo ndipo msiba ulipoanzia.

Machi mwaka jana alipapasa uvimbe kwenye titi la kushoto. Mtoto wake wa mwisho alikuwa ameacha kunyonya siku si nyingi. Mama yake, Bi Susana, akasema ni maziwa yameganda, akamletea samli ya ng'ombe ya kuchulia, kama wanawake wa kwetu walivyozoea. Uvimbe haukutoka. Ukakua. Helena akamsihi waende hospitali.

"Aliniambia, 'Dada, nikienda watanilaza. Watoto hawa atawafundisha nani? Acha mtihani wa Novemba upite,'" anasimulia Helena. "Nikamwambia, Hyasinta, mtihani unakujaga kila mwaka. Akavuta madaftari yake, akaendelea kusahihisha."

Mtihani ukapita. Desemba akaenda. Daktari akamwambia ni kansa, imeshafika kwenye ini, na amechelewa. Kazi ya Mungu haina makosa, tunasema hivyo kila msiba. Lakini sitawaficha, miezi tisa ile ya kusubiri inaniuma.

Januari matokeo yakatoka. Sabini na wawili walikuwa wamefaulu Kiingereza. Helena alimsomea majina kitandani. Alitabasamu mpaka jina la tatu, kisha akasinzia. Februari akafariki.

Siku ya tatu baada ya mazishi, Grace, mmoja wa hao waliofaulu, alifika Butiama kutoa pole. Bi Susana alikuwa hali chakula, haongei. Alishajihukumu mwenyewe kwa ajili ya samli ile. Alimuuliza binti swali moja tu.

"Mjukuu wangu, huko darasani hakuna aliyemwona mwanangu anaumwa?"

Grace akaangua kilio. "Tulikuwa tunamwonaga, bibi. Alikuwaga anaegemea ubao, anafumba macho, jasho linamtiririka. Tukanyamaza. Tulijua tukisema, ataenda hospitali, na sisi tutabaki bila mwalimu."

Pole sana Bi Susana. Pole Helena, pole Benson, mume wa marehemu, na watoto wenu watatu. Mungu ampumzishe mwalimu wetu kwa amani. Grace, binti yangu, nawe pole. Umesema ulichoona, na wengi wetu hatujasema.

Nawe unayenisikiliza, yupo mtu unayemwona kila siku akijikaza kwa ajili yako. Unamjua. Kabla hujamwomba kingine leo, muulize anaumwa wapi.