Tata Nkulu Kabemba, na Damu Aliyopewa na Tatiana

Ndugu waombolezaji, tata na mama mliofika tangu asubuhi, familia inaomba mtulie kidogo, tuwaeleze maisha ya Tata Nkulu Kabemba, nasi tutasoma polepole, kwa sababu mambo mengine hata sisi hatujayaelewa.

Alizaliwa Kapata tarehe 14 mwezi wa tatu 1969, akasoma shule ya msingi papo hapo kuanzia 1975 hadi 1981, akapata diploma ya umeme Kolwezi mwaka 1987, na tangu tarehe 2 mwezi wa tano 1990 akawa fundi wa umeme kwenye bwawa la Nzilo, mtu wa kupima waya mara mbili kabla ya kuugusa. Tarehe 19 mwezi wa nane 1995 alifunga ndoa na Mama Fidélie, wakapata Huguette, Glodi na Ariel.

Ugonjwa wa sukari ulimwanza mwaka 2011, akauzoea kama mtu anavyozoea mpangaji msumbufu, akijichoma sindano na kunywa chai bila sukari. Mwezi wa pili 2023 madaktari waliona kansa ya damu, na huko India, tarehe 6 mwezi wa kumi, akapandikizwa chembe zinazozaa damu, alizotoa mdogo wake Tatiana, ambaye peke yake kati ya ndugu watano alilingana naye.

Chembe zikashika, kansa ikanyamaza, hata aina ya damu yake ikageuka ikawa ya Tatiana, na hapo ndipo tulipopotea. Aliporudi Kapata, mwezi wa pili 2024, majirani walimletea mikate na kreti za sucré, zile soda tamu, kama wanavyompelekea mama aliyetoka kuzaa, wakimtania, “Tata Nkulu, unywe tu, uko mutoto wa juzi!”, naye akicheka, “Damu ya zamani ilitoka, sukari nayo ilitoka!” Akaacha kupima, akaacha sindano, nasi sote tukaamini, tusijue kwamba damu tu ndiyo iliyogeuka, mwili wenyewe ulibaki ule ule, na kwamba dawa za kuituliza damu ngeni zilikuwa zikipandisha sukari.

Tarehe 21 mwezi wa sita alishikwa na homa ya mapafu, akafariki hapa Kolwezi tarehe 3 mwezi wa saba 2024, saa nne ya asubuhi.

Tangu hapo Tatiana anakaa huko nyuma, karibu na masufuria, anakataa mkeka wa wafiwa, anamwuliza kila apitaye, “Ni damu yangu ilimuua?” Daktari alimweleza kwamba chembe zake zilifanya kazi hadi siku ya mwisho, kwamba wenye sukari hushikwa zaidi na maambukizi baada ya pandikizo, ila wengine hupona, hivyo hawezi kuapa kama sindano zingemwokoa. Tatiana alisikiliza, akauliza tena lile lile, na hatumshangai, maana Mama Fidélie naye anajiuliza kwa nini alimfungulia zile chupa za sucré.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa Nzilo, na majirani wote, pamoja na walioleta sucré, maana walileta kwa upendo, wala hakuna anayedaiwa neno.

Na kabla jeneza halijainuliwa, Mama Tatiana, familia inakuomba uondoke kwenye masufuria, uje uketi mkekani na Fidélie, kwa kuwa katika yote tusiyoyajua, hili tunalijua, kaka yako aliishi miezi tisa kwa damu yako.

Tata Nkulu, utulie kwa amani.