Kompyuta ya Wake Wawili

Benchi la nje ya kibanda cha Kinyozi lilikuwa na jambo zito asubuhi hiyo. Fundi Tarizi alikuja amekumbatia kompyuta yake kuukuu na sidii ya mfumo wa zamani, ule uliofutwa kwenye kompyuta hiyo miaka sita nyuma. Programu ya kuchorea tarizi ilikubali mfumo huo tu, na mchoro wa mwisho wa marehemu mkewe, wa ua, ulikuwa bado umo kwenye diski, haufunguki kwa njia nyingine yoyote. Wateja aliwaambia anautaka kwa ajili ya biashara. Ukweli ni kwamba alitamani kuuona, basi.

— Mfumo mpya unabaki, wa zamani unaingia kando yake, alisema Betri, fundi redio, akipuliza kahawa. Ukiwasha, kompyuta inakuuliza leo unamtaka yupi.

— Kumbe uke wenza, alisema Kinyozi.

— Ndiyo hivyo. Kila mmoja na chumba chake kwenye diski.

— Basi fuateni heshima. Mke mkubwa anatangulia.

— Tatizo mke mkubwa ndiye anayeingia wa pili. Hamjui mdogo, hajawahi kumsikia. Akifika anajiona yuko peke yake, anashika mlango wa kuwashia, na mdogo haonekani tena.

— Anakufa?

— Yupo ndani, ila humfikii mpaka mlango urekebishwe.

Fundi Tarizi alikaza mikono. Kwa huyo mdogo kulikuwa na oda zote za wateja, na hakuwa amenakili hata moja.

— Mimi naogopa kingine, alisema Kinyozi, ambaye hakuwahi kukaa na kompyuta zaidi ya dakika tano. Huo mfumo ukiamka utadhani ni mwaka ule ule uliofutwa.

— Acha porojo. Tarehe inatunzwa na betri ndogo iliyomo ndani.

— Hiyo ilishakufa, alisema Fundi Tarizi. Kila nikiwasha, tarehe inarudi nyuma miaka.

— Si unaona? Inarudi hadi wakati mama watoto bado yupo.

Kinyozi alitamani kuyameza maneno yake. Fundi Tarizi hakukasirika. Lilimuuma tu kwamba na yeye alikuwa ameshaliwaza hilo, tena zaidi ya mara moja.

Hapo akapita shemeji yake, mdogo wa marehemu, na mfuko wa nyuzi. Akawasalimu, akaiona kompyuta.

— Shemeji, ni ule mchoro?

— Ndio huo.

— Ukiukuta umeishia nusu, utaumalizia?

Fundi Tarizi angeweza kumalizia ua lolote huku amefumba macho. Lakini akilimalizia hili, hatajua tena mkono wa mkewe ulikomea wapi.

— Sijui, shemeji.

Shemeji aliweka mfuko chini.

— Siku ukiufungua niite. Hata mimi sijauona.