Nusu ya Sahani

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa asubuhi hii. Mimi ni Mama Kioko. Nimesimama kumshukuru Mungu, na pia niko na mtu wa kumwomba msamaha, kwa hivyo mnivumilie.

Baada tu ya ile mvua ya El Nino, nilianguka shambani nikipalilia mbaazi. Kilikuwa kiharusi. Mkono wa kushoto ukalegea. Nilipotoka hospitali, mke wa mwanangu, Mwende, ndiye aliyeniogesha, akanifulia, akanipikia.

Nami nikamlipa kwa ubaya. Kila mchana aliniletea muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, na kila mchana niliona amenipakulia nusu sahani. Wiki mbili nilinyamaza, kisha nikashindwa. Mnajua kwetu mke wa kijana akimnyima mama mkwe chakula, aibu inafika hadi kwa wazazi wake. Niliita wazee wa ukoo nikasema ananiua kwa njaa. Mwende alilia, akasema sahani hujaa nami huacha nusu. Hakuna aliyemwamini. Mwanangu Kioko akaambiwa amrudishe kwao Jumamosi.

Ijumaa dada yangu alikuja kunijulia hali. Nilikula, nikaisukuma sahani, nikaanza kumlalamikia. Mwende akatusogelea. Alikuwa amegundua kwamba ninachoacha ni cha upande mmoja tu. Akainama, akaizungusha sahani. Ndugu zangu, chakula kikatokea!

“Mwaitu,” akaniambia, yaani mama, “hiki ndicho unachoacha kila siku.”

Dada yangu akawaendea wazee jioni hiyo hiyo, na safari ikafutwa. Daktari alitueleza kwamba macho yangu ni mazima. Kiharusi kilikata njia ambazo kwazo sehemu za ubongo hupashana habari, kwa hivyo ubongo wangu hauangalii tena kushoto. Sioni giza huko. Ni kama upande huo haupo. Akanifundisha kugeuza shingo, na hadi leo nageuza.

Hakuna aliyeniroga, wala hakuna aliyeninyima. Bwana aliniokoa na kiharusi, lakini zaidi aliniokoa na mdomo wangu. Nilikuwa karibu kuvunja nyumba ya mwanangu, na nilikuwa na uhakika kabisa.

Wewe unayedhani Mungu amekunyima, usimlaumu bado. Mwamini, kisha tazama tena upande ule usioutazama.

Nimeambiwa Mwende ameketi kushoto kwangu. Nikitazama mbele hivi simwoni, lakini najua yupo. Sasa nageuka. Mwende, mwanangu, nisamehe.