Vigingi Vyekundu vya Ruhuwiko

Kwenye basi la kutoka Mpitimbi, kijana aliyekaa mbele yangu alimwamkia mama wa pembeni yake, kisha akamwaga shida zake. Alikuwa msimamizi wa mtaro wa nyaya za umeme, zinazokwenda kituo kipya cha kupozea umeme Ruhuwiko.

"Mama, nilipigilia vigingi vikanyooka. Nimekwenda msibani, vibarua wamechimba kwa kufuata vigingi, mtaro umepinda kama utumbo! Injinia anakagua leo. Kibarua changu kinaota nyasi."

"Pole, mwanangu. Ni vile vyekundu?"

"Umeviona?"

"Nimeviona, imara kweli! Nafungia mbuzi. Majani yakiisha hapa, nang'oa, nachomeka pale."

Niligeukia dirishani, maana kicheko kilikuwa kimenifika kooni.

"Mama, umenimaliza! Njoo umweleze injinia mwenyewe."

"Nimweleze nini? Mbuzi wangu hawakumtuma mtu achimbe. Na hicho kibarua kikiota nyasi, niite, watazila."

Basi likasimama Ruhuwiko. Injinia alikuwa ukingoni mwa mtaro, mikono kiunoni. Kijana hakuinuka. Mama akampisha njia kwa heshima zote.

"Tangulia, baba. Mimi leo miguu inauma."