Hesabu ya Damu ya Spana

Kijiweni, kwenye kibanda cha kahawa, walikuwapo Dobi, aliyeacha pasi yake ikipoa. Kinyozi, mkasi mfukoni. Mzee Kahawa na birika lake. Na Mwalimu, mstaafu wa hesabu, ambaye tangu asubuhi alikuwa akikaa, akisimama, akikaa tena. Nafasi ya Spana, fundi magari, ilikuwa tupu. Saa nne Spana alikuja kijiweni kashika kichwa, kizunguzungu kimemzidi: mvua ilikuwa ikinyesha, yeye na fundi mwenzake wakafunga milango ya gereji, ng'ambo ya barabara, na injini inanguruma humo ndani. Mwalimu ndiye aliyemwambia akalale. Sasa ilikuwa saa tisa, na Mwalimu alichora mstari unaoshuka nyuma ya bahasha.

— Ule moshi una hewa isiyo na harufu, alisema. Inang'ang'ania damu. Ukitoka nje, kila saa tano inapungua nusu. Kwa hiyo imebaki nusu.

— Nusu ya nini, Mwalimu? Dobi aliuliza. Ulimpima?

— Nimekadiria.

— Haba na haba hujaza kibaba, Kinyozi alisema. Hiyo nusu ikizaa je?

— Hewa haizai, bwana!

— Mpeni maziwa, Kinyozi aliendelea. Yanausukuma moshi, unatokea masikioni.

— Masikioni! Dobi aliruka. Akimbie, atoke jasho. Mwenda pole hajikwai! Miaka thelathini nafua, doa nalijua.

— Basi mwanike kwenye kamba! Kinyozi alidakia.

Mzee Kahawa alicheka hadi birika likatikisika. Mwalimu hakucheka. Alipiga hesabu upya, akapata jibu lile lile, akasimama, akatazama barabara.

Mama mmoja alijikinga mvua chini ya kibanda, akaomba kikombe, akawasikiliza.

— Gari langu liko gereji, alisema. Bado linanguruma ndani, milango imefungwa. Yule fundi mwingine kasimama nje, anasema moshi unamuumiza kichwa. Na huyo mgonjwa wenu, kwani kalala wapi?

— Kwake, alisema Kinyozi.

— Kwake ni mbali, alisema Dobi. Na mvua hii?

— Ulimwambia akalale wapi, Mwalimu? Mzee Kahawa aliuliza.

Mwalimu aliitazama bahasha. Mstari wake wote ulikuwa wa mtu aliye kwenye hewa safi. Aliiangusha, akavuka barabara mbio, viatu vikimtoka.

Spana alikutwa kitandani katika chumba cha spea, humo humo ndani ya gereji iliyojaa moshi. Alikuwa amekwisha kufa.